Alama za Bwana Dahlke

Kettle Prairie, Wisconsin
24 Aprili 1984

Mwanangu Duane,

Vipi huko majini, na vipi huo mgongo? Sisi tuliobaki nchi kavu tunakwenda. Theluji imebaki nyuma ya gereji tu, pale pasipofika jua. Pasaka nilikula kwa shangazi yako Inez. Nyama ilikauka kama soli ya kiatu, nikamwambia ni tamu, akajua nadanganya, tukaelewana. Shule ya kanisa imefunguliwa jana na nimerudi jikoni kwangu. Watoto bado hawataki karoti.

Sasa nikupe la kukuchekesha. Ulipoondoka nilidhani wenzako hawatakanyaga hapa tena. Jumamosi ile ile Rudy Zielke akaja na dadu zake mfukoni, akaja Colleen, akaja na yule Lyle wa maktaba. Wakashuka chumba cha chini kama kawaida yao, wakakaa kuizunguka meza wakitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa msimulizi badala yako, wa kutunga hadithi ambayo wenzake wanaicheza. Kila mmoja anataka kubaki na mtu wake wa mchezo: Rudy na shujaa wake, Colleen na mwizi wake, Lyle na mchawi wake. Nilipowapelekea mikate, Colleen akaniambia kwamba miaka yote hii nimekuwa nikiwasikiliza nikiwa kwenye mashine ya kufulia, kwa hiyo hakuna nisichokijua. Nikakaa kwenye kiti chako, nyuma ya lile kadibodi unalofichia ramani. Nilidhani ni kwa siku hiyo moja. Bado nimekaa.

Kutunga nimeweza. Kuweka zimwi nyuma ya mlango na kurusha dadu nione limempiga nani, hilo nalo si kazi. Shida ni mwisho wa mchezo, wanaponikodolea macho kama watoto kwenye foleni ya chakula, wakingoja alama za uzoefu. Wanataka kujua nani amevuna za kumpandisha ngazi na nani hakuvuna. Rudy anasema aliyeua ndiye apewe. Colleen anasema bila yeye kufungua mlango kusingekuwa na cha kuua. Lyle hasemi kitu, na asiyesema ndiye anayeninyima usingizi. Wewe ulikuwa unagawaje hata hawakugombana?

Vaa soksi za sufu. Nimeweka jozi mbili kwenye kifurushi.

Mama yako,
Verna


Two Harbors, Minnesota
11 Mei 1984

Mama,

Soksi zimefika, kifurushi kimefika, nami ni mzima. Mgongo unauma, ila unauma sawa na migongo ya wenzangu. Tunapakia meli madini ya chuma hapa, na kabla ya giza tutakuwa ziwani tukielekea Ohio. Nikiwa sina zamu naosha sitaha, maana vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chai. Ukiandika tumia anwani ya Detroit. Kuna kiboti cha posta kinachotukuta pale mtoni na kutupandishia barua kwa ndoo na kamba.

Nimecheka kweli. Mama nyuma ya kadibodi langu. Mwambie shangazi Inez naye aje.

Kuhusu alama, hawakugombana kwa sababu sikuwapa nafasi. Aliyeua ndiye aliyechukua nyingi, makombo nikawagawia waliobaki. Ukianza kugawa kwa huruma kila mtu atajifanya mnyonge. Lyle akitaka alama afungue mdomo.

La pili ni la maana zaidi. Usiwaambie watu wa kanisani. Unakumbuka Mchungaji Brandvold alivyohubiri kabla sijaondoka, kwamba mchezo huu ni mlango wa shetani. Unapika kwenye shule yake, Mama. Anayeuliza sana mpe mkate na umwonyeshe ngazi ya kutokea.

Duane


Kettle Prairie
17 Juni 1984

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa kila mtu, hata paka, ambaye amezaa ndani ya kikapu chako cha nguo. Bustani imeota. Shule imefungwa kwa likizo, na mikono yangu inashangaa kuamka asubuhi bila viazi vya kumenya.

Kanuni yako ya anayeua nimeijaribu nikaitupa. Rudy alianza kuua kila kilichopumua. Aliua hadi muuza maziwa aliyewauliza njia. Sasa nagawa sawa kwa wote waliokuwepo mezani. Halafu nabakiza konzi moja ya alama, nampa yule aliyefanya jambo ambalo wenzake watakuwa wakilisimulia Jumamosi ijayo. Rudy ananung'unika, lakini muuza maziwa wa pili amepita salama.

Tumepata mgeni. Tanuru ya kupashia nyumba joto ilikuwa inagonga, nikamwita Bwana Orrin Dahlke aitazame kabla ya baridi kurudi. Akaja Jumamosi wakati tunacheza. Alifunga skrubu ile ile kwa muda mrefu kuliko skrubu inavyohitaji, nikaona anasikiliza. Alipomaliza akauliza kama anaweza kukaa. Jumamosi iliyofuata akaja bila sanduku la vifaa. Mtu wake anaitwa Hob, mbeba ngao, si mwerevu. Juzi walipofika kwenye daraja la kamba huku mazimwi yanawafuata, Hob alisimama katikati na ngao yake, akawaambia wenzake wapite. Hakuua hata moja. Alipigwa mpaka akabakiwa na pumzi tu. Kwa kanuni yako asingepata kitu. Nilimpa ile konzi, na hakuna aliyepinga, hata Rudy.

Mama


Detroit, mtoni
20 Julai 1984

Mama,

Barua yako ilinikosa safari iliyopita, nimeipata leo. Sina homa wala jeraha, chakula ni kizuri, mpishi ni Mfini asiyejua kwamba chumvi ina mwisho.

Bwana Dahlke ni mzee wa kanisa, Mama. Umeandika habari zake ukurasa mzima bila kulitaja hilo, na najua unalijua, maana unamwona kila Jumapili akipitisha sahani ya sadaka. Mtu anayekaribia miaka hamsini, hajaoa, hajawahi kunisalimia hata kwa kichwa, leo anataka kuigiza mbeba ngao na vijana wa rika langu? Kuna vitu viwili tu anavyoweza kuvitafuta mle ndani, na vyote sivipendi. Cha kwanza ni maneno ya kumpelekea Mchungaji. Cha pili sikiandiki.

Na mbona amepanda ngazi ya tatu wakati Rudy, aliyeanza kucheza tangu tuko shule, yuko ya nne? Niambie haya: huwa anafika kabla ya wengine? Hubaki baada yao? Na huwa anauliza nini?

Duane


Kettle Prairie
6 Septemba 1984

Duane,

Barua yako niliipata mwanzoni mwa mwezi wa nane, nikaisoma, nikaiweka nyuma ya saa ya ukutani mpaka hasira ipoe. Paka wote wamepata watu wa kuwachukua. Inez ameanguka kwenye ngazi za posta, hakuvunjika, ila hadithi yenyewe imevunja masikio yetu.

Bwana Dahlke hufika na wengine na kuondoka na wengine. Anauliza maswali, ndiyo. Aliuliza mshumaa wa mezani ni wa nini, nikamwambia balbu imeungua, akaibadilisha. Aliuliza kama Colleen husali. Colleen akamjibu kwamba husali kila anapohesabu droo ya pesa dukani. Nami si mjinga, niliyaona maswali hayo. Cha pili ambacho hukukiandika, nami sikijibu.

Sasa swali langu. Umejuaje kwamba Hob amepanda ngazi ya tatu? Mimi sikukuandikia.

Nauliza kwa sababu limetokea jambo. Shule imefunguliwa wiki iliyopita. Mke wa Mchungaji aliingia jikoni, akasimama karibu na sinki, akasema kwa upole, "Nasikia huko kwako, Verna, mtu akiiba hekaluni anazawadiwa." Nikamwuliza nani kasema. Akatabasamu akachukua biskuti. Kweli mchezoni Colleen aliiba ufunguo kwa kuhani wa nyoka aliyelala, na nilimpa konzi ya alama, kwa sababu Lyle alikuwa amefungwa mle ndani na angechinjwa alfajiri. Lakini hilo lilisemwa chini kwenye meza yetu na si mahali pengine. Kuna mtu anayabeba maneno yetu.

Tangu siku hiyo mchezo umeharibika. Nikirusha dadu nawatazama mikono. Colleen anamtazama Bwana Dahlke, Bwana Dahlke anatazama meza. Rudy ndiye anayenitia shaka zaidi. Siku hizi anaandika, akiweka karatasi gotini, na nikimgeukia anaikunja. Rudy huyu ambaye hakuwahi kuandika hata jina la shujaa wake bila kulikosea. Bado ana hasira za zile alama, na mama yake anaimba kwaya na mke wa Mchungaji.

Kama unajua lolote juu ya Rudy, niambie kabla sijafanya la kunifedhehesha.

Mama


Ziwa Superior
22 Septemba 1984

Mama mpendwa,

Pole na shangazi. Mwambie ngazi za posta zimeshindwa.

Huku tumekaa kwenye ukungu. Sijapata kuona ukungu wa namna hii. Ukinyoosha mkono vidole vinapotea. Nahodha amepunguza mwendo, honi inalia usiku na mchana, na kila ikinyamaza tunasikiliza kama kuna meli nyingine inajibu. Mpishi Mfini anasema kwao ukungu hukatwa kwa kisu. Ndege mmoja mdogo alitua sitahani amechoka, tukampa makombo, akakaa mpaka mchana akaruka. Tulipofika karibu na milango ya maji ya Sault, ya kupitishia meli, ukapungua kidogo, halafu ukarudi mzito kuliko kwanza.

Nimeisoma barua yako vizuri. Huyo mke wa Mchungaji mwogope. Na Dahlke mchunguze, mimi nilishasema. Balbu anaweza kubadilisha mtu yeyote.

Soksi bado nzuri. Nitaandika tukitoka hapa.

Wako,
Duane


Kettle Prairie
9 Oktoba 1984

Duane,

Sisi wazima. Leo salamu ni hizo tu.

Nilikuuliza juu ya Rudy, ukaniandikia kurasa mbili za ukungu. Nikafikiri, mwanangu anamjua rafiki yake, na kama angekuwa safi angesema ni safi. Amenyamaza ili asimchongee. Nikalichukua kimya chako kuwa jibu.

Jumamosi tuliketi. Ulikuwa mchezo mzuri kuliko yote ya mwaka huu, na hilo ndilo linaloniuma. Walikuwa kwenye migodi ya zamani, maji yanapanda, na Hob akaushikilia mlango wa chuma kwa mgongo wake mpaka Colleen na Lyle wakatoka. Rudy akarudi majini kumvuta. Wote walikuwa wamesimama, hakuna aliyekumbuka mikate. Halafu nikamwona Rudy anaichomoa ile karatasi na kuanza kuandika chini ya meza. Nikamwuliza mbele ya wenzake ni nani anayempelekea habari zetu, Mchungaji au mkewe. Duane, kijana yule alinitazama kama nimempiga. Nilimngoja akane. Hakukana. Alikunja karatasi, akaokota dadu zake moja moja, akasema, "Nimeahidi nisiseme, Mama Duane." Akapanda ngazi. Nilisikia mlango wa jikoni, na hakuubamiza.

Hapo Bwana Dahlke akasimama.

"Si Rudy," akasema. "Ni mimi."

Akatueleza akiwa ameishika kofia. Wazee wa kanisa walimwomba, tangu mwezi wa tano, akija kutengeneza tanuru aangalie tunafanya nini huku chini. Alipowaambia hakuona ubaya, wakamwomba aendelee kuangalia. Kila mwezi alitoa taarifa. La ufunguo wa hekalu alilisema yeye, akadhani ni hadithi ya kuwachekesha wazee, kumbe hawakucheka. Colleen akamwuliza mbona hakunyamaza tu, maana lawama ilikuwa imeshapata wa kuibeba. Akajibu kwamba Rudy alirudi majini kumvuta.

Ndipo Lyle, ambaye nadhani hajasema sentensi nzima tangu Pasaka, akaniambia kwamba Rudy anakuandikia wewe. Wewe ulimwomba amchunguze Bwana Dahlke na akuletee habari za alama. Lyle anajua kwa sababu yeye ndiye aliyemnunulia stempu.

Kwa hiyo nilikuwa na wapelelezi wawili kwenye meza moja, na mmoja ametumwa na mwanangu. Na nikamfukuza huyo wako.

Nimekwenda kwa akina Zielke mara mbili. Mama yake anasema yuko kiwandani. Gari lake liko uani.

Alama za siku hiyo sijazigawa. Wazee wameniita kikaoni tarehe kumi na nne mwezi ujao, na Bwana Dahlke atatoa taarifa yake mbele yangu. Colleen anataka afutiwe zote alizowahi kupewa. Lyle hajui. Wewe ndiye uliyeianzisha meza hii, niambie unaonaje. Na safari hii ujibu ninachokuuliza.

Mama yako


Ashtabula, Ohio
25 Oktoba 1984

Mama,

Nimekukosea, na Rudy nimemkosea zaidi. Nimemwandikia leo hii hii barua ya peke yake. Nilimwahidisha asiseme kwa sababu nilijua ungekasirika, na uliponiuliza nikaogopa. Sina la kuongeza hapo.

Juu ya Dahlke najibu moja kwa moja. Futa zote. Alama ni za mtu anayecheza, na yeye hakuwa anacheza, alikuwa kazini. Alipokuwa analizuia lile daraja kichwani alikuwa anapanga atakachowaambia wazee. Mtu hawezi kuja kukuchoma halafu ukampa zawadi kwa ujasiri. Na usiniambie alijitaja mwenyewe. Alijitaja wakati Rudy ameshatoka mlangoni. Angejitaja sekunde tano kabla, ningefikiri mara mbili.

Hata sasa simwamini. Unajuaje kwamba kujitaja si sehemu ya kazi? Mtu akitaka aaminiwe kabla ya kikao, afanye nini zaidi ya kuungama mezani kwako na kofia mkononi? Usiende peke yako kikaoni. Nenda na shangazi Inez, anajua kusema mpaka watu wachoke.

Upepo umeanza. Ukisikia redioni habari za ziwa, usihofu, sisi tunakaa karibu na ufuko.

Duane


Kettle Prairie
25 Novemba 1984

Mwanangu,

Nashukuru kwa salamu ulizotuma kwa redio ya meli, zilifika na zimenitoa wasiwasi. Upepo wenu ulifika mpaka huku ukaangusha ule mti wa jirani juu ya ua wetu, na Sikukuu ya Shukrani tumeila tukitazama matawi dirishani. Bata mzinga safari hii nilimpika mimi. Inez alikula mara tatu, kwa kunikomoa nadhani.

Nilisoma barua yako mara nyingi, na hukusema vibaya. Lakini sikukusikiliza. Jumamosi kabla ya kikao niligawa alama za mgodini. Nilimpa kila aliyekuwepo sawa kwa sawa, na ile konzi nikaigawa kati ya Hob na shujaa wa Rudy, ingawa kiti cha Rudy kilikuwa kitupu. Colleen alinuna. Nikamwambia mimi siwezi kuona alichokuwa nacho mtu kichwani. Naona alichofanya mezani. Nikianza kugawa kwa kukisia nia za watu, nitaanzia kwa nani na niishie kwa nani? Bwana Dahlke alikuwepo. Hakushukuru, na nilipendezwa kwamba hakushukuru. Ila nakwambia kweli, usiku ule nami niliwaza kama wewe: labda hizi alama zenyewe atazipeleka kikaoni kama ushahidi.

Akazipeleka.

Kikao kilikuwa chumba cha chini cha kanisa, kahawa ile ile nyepesi. Inez alikuja, akaambiwa angoje nje, kwa hiyo wote waliokuwa nje wamejua habari za ngazi za posta. Mchungaji alimwuliza Bwana Dahlke kama ni kweli tunawalipa vijana kwa kuua. Akasema mara nyingine, ndiyo, lakini mwanamke huyu huwalipa zaidi kwa kutoacha mtu nyuma. Kwa kuiba? Akasema ndiyo, mara moja, akaeleza ufunguo ulikuwa wa kumfungulia nani. Wakamwuliza juu ya maneno ya uchawi. Akasema Lyle huyasoma kinyumenyume kutoka kwenye kopo la supu ya nyanya, na kwamba yeye mwenyewe alilichukua lile kopo nyumbani kwake akahakikisha. Mzee mmoja akakohoa sana.

Mchungaji hakucheka. Akamwuliza kama yeye, mzee wa kanisa, alikubali kupewa alama hizo.

Bwana Dahlke aliigeuza kofia yake mikononi, nikajiambia haya ndiyo Duane aliyonionya. Kisha akasema, "Walinipa sawa na wengine. Na walinipa tena walipokwisha kujua mimi ni nani. Nimekaa kwenye baraza hili miaka kumi na mbili, na ninajiuliza kama sisi tungempa mtu wa namna yangu."

Nimebakishwa kazini. Walipiga kura, na kura ilikaribiana sana, hata Mchungaji alihesabu mara ya pili. Bwana Dahlke wamemtoa kwenye baraza, na tanuru za kanisa na za shule wamempa fundi wa mji wa pili. Alipoambiwa alivaa kofia yake akasema sawa.

Jumamosi iliyofuata Rudy alirudi. Nilimwomba radhi jikoni, vizuri, kwa maneno niliyoyafanyia mazoezi. Akasema radhi yako ya barua ilikuwa ndefu kuliko yangu ila yangu ina keki. Tukashuka. Bwana Dahlke alikuwa ameshaifuta karatasi ya Hob yote, akataka aanze ngazi ya kwanza na mtu mpya. Alisema alizipata akiwa na uongo mfukoni. Colleen akakubali haraka. Ni Rudy aliyekataa. Alisema, "Ukifuta zako, mimi nilirudi majini kumvuta nani?" Tukabishana mchana kutwa, mchezo haukuchezwa kabisa. Mwishoni Rudy alichukua kalamu akaziandika alama za Hob upya yeye mwenyewe, akakosea jumla, Lyle akamsahihisha.

Simwamini Bwana Dahlke kama ninavyomwamini Rudy. Bado namtazama. Lakini namtazama akiwa amekaa mezani.

Umeuliza, kwenye ile barua uliyomtumia Rudy, wewe mwenyewe umewekewa alama ngapi tangu uondoke mwezi wa tatu. Rudy alinisomea. Hujafikisha kitu, mwanangu. Huwa nagawa kwa waliokuwepo.

Mama


Duluth, Minnesota
19 Desemba 1984

Mama,

Mimi mzima, vidole vyote viko mahali pake. Barafu imeanza kushika bandari na nahodha anasema tumebakiza safari moja, halafu meli inalala mpaka machipuo. Mpishi amelia akisikiliza nyimbo za Krismasi, akasema ni vitunguu. Msalimie Inez. Mwambie Rudy nimemnunulia kamusi.

Nimekubali sifuri yangu. Niliinunia siku mbili, imepita.

Bado nadhani ulikuwa na bahati tu na yule bwana. Angeweza kusema maneno mengine pale kikaoni, ukawa leo huna jiko. Sijui kwa nini hakuyasema. Umeandika barua ndefu, Mama, na umeeleza kila mtu alikuwa wapi, lakini hukusema nani aliyewarudisha nyumbani wewe na shangazi usiku ule, wakati Rudy ameniandikia kwamba gari letu liko kwa fundi tangu mwezi wa kumi. Wala hukusema nani aliyekata ule mti uani. Sikuulizi. Nimeona tu.

Nitashuka kwenye basi pale Kettle Prairie tarehe tano Januari, mchana. Ni Jumamosi, najua mtakuwa mezani. Wewe usije, wala Rudy asije. Mtume Bwana Dahlke anichukue, aje peke yake, na usimwambie nitamwuliza nini. Ni mwendo wa dakika chache tu mpaka nyumbani, lakini nataka nimtazame usoni kabla sijakaa naye.

Na kiti changu nyuma ya kadibodi ubaki nacho. Nitakaa popote palipo wazi.

Mwanao,
Duane